Arobaini ya Mzazi Wakati wa Maradhi ya Mlipuko

Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu mpaka Kilwa, na visiwani Unguja na Pemba, mwanamke aliyejifungua haachwi peke yake mpaka arobaini yake itimie. Mama yake huhamia kwake na nguo zake, au yeye mwenyewe hurudishwa kwao. Mkandaji huja asubuhi na magharibi na maji ya moto. Tumbo hufungwa mkaja. Uji hutiwa pilipili manga. Na mtoto akishanyonya hupokewa na mikono mingine, naye mzazi huambiwa alale, na akikataa hulazimishwa. Wako wanaoziona ada hizi kuwa ni mambo ya kikale yasiyo na maana mbele ya elimu ya hospitali, na wako wanaozifuata kwa sababu tu bibi zao walizifuata. Mimi nimekaa na wazazi wengi katika vyumba vyao, na itikadi yangu ni kwamba ndani ya arobaini, mbali na viungo na mvuke, ilikuwamo tiba ya nafsi ambayo hapana aliyeitaja kwa jina: usingizi, chakula kilichopikwa na mtu mwingine, mikono ya kumpokea mtoto, na sikio la mwanamke aliyekwisha kupita njia ile ile. Maradhi ya Korona yalipofika yaliivunja arobaini mapema sana, na wazazi wengi wakaugua ugonjwa usiotajwa katika taarifa za jioni. Muradi wangu ni kuwaonyesha wasomaji namna ya kuilinda arobaini hata mlango unapofungwa kwa amri ya serikali, na namna ya kumtambua mzazi ambaye arobaini peke yake haimtoshi.

Kwanza tuyakumbuke yaliyopita, kwa kuwa yanaweza kurudi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba Korona imekuwa janga la ulimwengu. Siku mbili baadaye Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza, na Tanzania ikafuata tarehe 16 ya mwezi huo huo. Kuanzia tarehe 27 Machi watu wa Kenya walikatazwa kutoka nje tangu saa moja ya jioni hadi saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili mipaka ya Mombasa, Kilifi na Kwale ikafungwa. Na tarehe 6 Mei Mji wa Kale wa Mombasa ukawekewa vizuizi, asiingie mtu wala asitoke. Tanzania haikuweka kafyu, walakini hofu ya kuambukizwa iliwaweka wengi mbali na kliniki. Sisemi kwamba amri zile zilitolewa kwa nia mbaya, kwani watu walikuwa wakifa na elimu ya maradhi ilikuwa changa. Lakini uchungu wa uzazi hauchagui saa, na hospitali nyingi ziliwazuia mama na dada za wazazi wasivuke mlango wa wodi, ijapokuwa Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba kila mwanamke, awe na Korona au asiwe nayo, anastahiki kuwa na mtu amtakaye ubavuni mwake wakati wa kujifungua.

Binti wa kaka yangu alijifungua ndani ya Mji wa Kale katika juma la vizuizi hivyo, Ramadhani ikiwa katika kumi lake la kati. Mama yake alikuwa Lamu, na njia ilikuwa imefungwa. Mimi nilikuwa Likoni, ng'ambo ya kivuko, na kwangu pia njia ilikuwa imefungwa. Mzazi aliye katika nifasi hafungi wala haswali. Misikiti ilikuwa imefungwa, futari hailiwi na jirani, na idi ikapita bila ya mtu kubisha hodi, basi hata ile faraja ya kuwa mmoja wa watu wanaofanya jambo moja kwa wakati mmoja haikumfikia. Kila aliyempigia simu aliuliza habari za mtoto: uzito wake, jina lake, amefanana na nani. Yeye alijibu vizuri, kwa sauti ya heshima, na watu wakaridhika.

Juma la tatu alipowasha picha ya simu anionyeshe mtoto, nikaviona vidole vyake. Vilikuwa vimechanika kwenye maungio, vyekundu, vinatoka majimaji, kwa kuoshwa na sabuni na kusuguliwa na kitakasa mikono. Maana alinawa kabla ya kumshika mwanawe, akanawa baada ya kumshika, na usiku mumewe alipolala aliamka akanawa tena, kisha akakaa kitako mpaka alfajiri akihesabu pumzi za mtoto. Nikamwambia, "Mwanangu, mwache mtoto, niambie habari zako wewe." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Shangazi, namsikia akilia, lakini kama analia nyumba ya jirani." Maneno hayo yalinitosha kujua kwamba tumetoka katika uchovu na tumeingia katika maradhi.

Yafaa hapa kupambanua hali tatu zinazompata mzazi, kwa sababu kuzichanganya kumewadhuru wengi. Ya kwanza ni machozi ya siku za mwanzo. Aghalabu kati ya siku ya tatu na ya tano, maziwa yanapojaa, mzazi hulia bila ya sababu, hucheka na kulia katika saa moja, na hukasirishwa na neno dogo. Kondo ikishatoka, homoni ambazo mimba ilizipandisha sana, estrojeni na projesteroni, hushuka kwa ghafla, na mwili mzima huyumba. Zaidi ya nusu ya wazazi hupatwa na hali hii, nayo hupita yenyewe katika majuma mawili. Dawa yake ni usingizi, chakula, na kuachwa alie bila ya kukemewa.

Ya pili ni sonona ya uzazi, na hii haipiti yenyewe kwa urahisi. Majuma mawili yakishapita na huzuni ikabaki, au ikaja upya katika mwezi wa pili, wa tatu, hata wa sita, tusiseme tena kwamba ni uchovu. Mzazi mwenye sonona haoni ladha ya kitu alichokuwa akikipenda. Usingizi humkimbia hata mtoto anapolala. Chakula humshinda, au hula pasipo njaa. Hujiona hafai kuwa mama, na hudhani mtoto angepata heri zaidi mikononi mwa mtu mwingine. Wengine hawalii hata kidogo. Kwao sonona huja kwa sura ya hasira, au ya ukavu wa moyo, au ya maumivu ya kichwa na mgongo yasiyosikia dawa, na wengi huishia kwa mganga au kwa duka la dawa pasipo mtu kuwauliza habari za nafsi zao. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kati ya kila wazazi 100 duniani, 13 hupatwa na maradhi ya nafsi baada ya kujifungua, aghalabu sonona, na katika nchi zenye kipato kama chetu hukaribia 20. Hesabu hiyo ilifanywa kabla ya Korona, wakati milango ilikuwa wazi.

Sababu zake ni nyingi, na janga lilizikusanya mahali pamoja. Mwanamke aliyewahi kuugua sonona, aliyefiwa, aliyepoteza mimba, aliyejifungua kwa shida au kwa upasuaji wa dharura, anayepigwa au kutukanwa nyumbani, asiye na mtu wa kumsaidia, asiyejua chakula cha kesho kitatoka wapi, yu karibu zaidi na hatari. Mume aliyepoteza kibarua na kushinda ndani ya chumba kimoja na mke aliye na kichanga naye hukabiliwa na hatari hiyo. Baba huugua sonona pia, ila kwake huonekana zaidi kwa ukali, kwa kunyamaza, au kwa kutoroka nyumba.

Imani nataka niizungumze kwa kirefu kidogo, kwa sababu neno la dini, likisemwa pasipo huruma, limewaumiza wazazi wengi kuliko waliolisema walivyodhani. Mzazi huambiwa, "Mshukuru Mungu, wangapi wanatafuta mtoto na hawapati?" Naye hushukuru, na huzuni haiondoki, basi sasa huongezewa dhambi juu ya maradhi. Kila Mwislamu anakijua kisa cha Maryamu, kama Kurani inavyokisimulia: uchungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende alitamani lau angalikufa kabla ya hayo, na jawabu lililomjia halikuwa lawama, aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake na tende juu yake, akaambiwa ale na anywe na atulie, na kwamba asilazimike kuzungumza na watu siku hiyo. Ikiwa aliyeteuliwa juu ya wanawake alipewa chakula, maji na faragha, sembuse huyu wetu! Masheikh na wachungaji, ambao maneno yao hufika ndani ya nyumba zisizofikiwa na daktari, wangetenda ihsani kubwa kama wangeyasema haya mimbarini.

Katika sonona huingia mara nyingi wahaka, na wahaka una jambo moja ambalo wazazi hulificha kwa aibu. Mzazi huona ghafla katika mawazo yake kwamba anamwangusha mtoto kisimani, au kisu kilichoko mezani kinamdhuru, au amemziba pumzi kwa kumlalia. Mawazo haya humjia pasipo kuyaita, naye huyachukia na kuyaogopa, hata wengine huacha kupika au kumwogesha mtoto. Wazazi wengi mno wenye afya nao hujiwa na mawazo ya namna hii; kujiwa nayo na kuyachukia si dalili kwamba mama atamdhuru mwanawe. Wakati wa Korona yalichukua umbo la vijidudu: mkono huu umegusa noti, noti imetoka sokoni, sokoni kuna wagonjwa. Ukimwona mzazi ananawa mpaka ngozi inachanika, usimpongeze kwa usafi wake. Mwulize anaogopa nini, kisha msikilize mpaka amalize.

Hali ya tatu ni wazimu wa uzazi, nayo ni nadra, mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000, lakini ni ya dharura kama kutoka damu. Huja kwa haraka, mara nyingi ndani ya majuma mawili ya mwanzo: mzazi hakosi usingizi tu bali hauhitaji, husema mfululizo, au hunyamaza kama jiwe, husikia sauti, huamini kwamba mtoto si wake au ana ujumbe au amerogwa, hubadilika tangu asubuhi hadi jioni kama kwamba ni watu wawili. Aliye na historia ya ugonjwa wa akili wenye kupanda na kushuka, yeye au jamaa yake wa karibu, yumo katika hatari kubwa zaidi. Nyumba zetu nyingi husema kwamba amepandwa na shetani, na siku tatu za thamani hupotea katika mafusho na makombe. Siwakatazi watu dua zao. Nawasihi dua isomwe njiani kwenda hospitali. Mzazi huyu asiachwe peke yake hata dakika moja, wala asiachwe peke yake na mtoto, na kafyu yoyote isimzuie mtu kumpeleka usiku huo huo. Matibabu yapo, na wengi hupona kabisa.

Sasa, mtu atamjuaje mzazi anayejificha? Atamwuliza. Kuna maswali 10 yajulikanayo kwa jina la mji wa Edinburgh, yaliyochapishwa mwaka 1987 na daktari John Cox na wenzake, nayo yametafsiriwa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Huuliza habari za siku saba zilizopita: kama mzazi ameweza kucheka, kama anatazamia mambo kwa furaha, kama amejilaumu bure, kama ameingiwa na hofu isiyo na sababu, na kadhalika. Kila jawabu hupewa alama tangu 0 hadi 3. Jumla ikifika 13 yaelekea ana sonona, na wahudumu wengi huanza kuangalia tangu 10. Swali la mwisho huuliza kama amewaza kujidhuru, na jawabu lolote isipokuwa "hapana kabisa" hutaka hatua siku hiyo hiyo, hata jumla ikiwa ndogo. Muuguzi anaweza kuyauliza mama anapoleta mtoto kwa chanjo katika juma la 6, la 10 na la 14, nafasi tatu ambazo mtoto hupimwa kwa mizani na mama hutazamwa usoni tu. Jamaa wa nyumbani hahitaji karatasi. Amwulize faraghani, mume na mkwe wakiwa mbali: "Usingizi wako ukoje mtoto anapolala? Moyo wako ukoje? Umewahi kutamani usiwepo?" Kumwuliza mtu habari za kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, humwondolea mzigo wa kuwa nalo peke yake.

Kwa binti yetu mambo yalikwenda hivi. Muuguzi mmoja aliyeishi ndani ya vizuizi alikubali kuja. Alivaa barakoa, akaketi kwenye baraza ya ndani penye upepo, mzazi akiwa hatua chache mbele yake, akamwuliza maswali yale polepole. Siku ile ile wifi yangu, kutoka Lamu, akawekwa kwenye spika ya simu juu ya kabati la vyombo, na kwa sauti yake mume wa mzazi akafunzwa kazi ambazo hakupata kuzifanya: uji uive mpaka upi, pilipili manga isagwe kiasi gani, taulo likamuliwe vipi kabla ya kuwekwa kiunoni. Alikuwa fundi wa cherehani ambaye kazi ilikuwa imesimama, na mikono yake, iliyozoea kupima na kukata kwa uangalifu, ikawa ndiyo mikono ya arobaini ile. Daktari alizungumza na mzazi kwa simu, akamwanzishia dawa. Haikuwa rahisi, na mwezi mzima ulipita kabla ya kusikia kicheko chake.

Katika hayo na mengine niliyoyaona naweza kutoa ushauri kwa nyumba iliyofungwa na maradhi. Jambo la kwanza kwa ubora ni usingizi. Mzazi apate angalau saa nne au tano za kulala mfululizo kila usiku. Ni dawa isiyo na badili, na haipatikani mpaka mtu mwingine atwae zamu. Anyonyeshe, kisha mume au dada yake amchukue mtoto chumba cha pili, amcheulishe, ambadilishe nepi, ambembeleze, amrudishe anapotaka kunyonya tena tu. Mume asiseme kwamba kazi hii si yake. Katika siku ambazo mama mkwe amezuiwa mpakani, ni yake kwa hukumu ya hali.

Kukanda kwa maji ya moto kunaweza kuendelea kwa mgongo, miguu na kiuno, lakini aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumboni wala asifungwe mkaja juu ya kidonda pasipo idhini ya mkunga, na maji yasiwe ya kuunguza. Nimeona majeraha ya moto kwa wazazi waliokandwa na watu wenye mapenzi mengi na ujuzi mchache. Chakula kiletwe mlangoni na majirani kwa zamu iliyopangwa kabla, maana msaada usiopangwa hufika wote siku ya kwanza na kutoweka juma la pili. Apate mwanga wa jua na hatua chache za kutembea kila siku, hata ikiwa ni uani au juu ya dari. Habari za vifo zizimwe chumbani mwake. Mtu mmoja wa nyumba asikilize taarifa, amwambie yale yanayomhusu tu. Na achaguliwe mwanamke mmoja, si kumi, atakayempigia kila siku kwa saa ile ile, na ambaye swali lake la kwanza litakuwa juu ya mama kabla ya mtoto.

Kwa nini nasema mmoja, si kumi? Kwa sababu arobaini ya zamani nayo ilikuwa na dhuluma zake. Wako wazazi walionieleza kwamba kafyu iliwapumzisha na wageni wanaokuja kukagua maziwa, kulinganisha watoto, na kuuliza kwa nini amezaa kwa kisu. Kwa hiyo tusirudishe msongamano tukidhani tumerudisha huruma.

Kuhusu kumnyonyesha na kumkumbatia mtoto, hukumu hufuata maradhi yenyewe, wala tusichukue sheria ya ugonjwa mmoja tukaitia katika mwingine. Katika Korona, Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba mama aliyeambukizwa aendelee kunyonyesha, alale chumba kimoja na mwanawe, na amkumbatie ngozi kwa ngozi, akivaa barakoa na kunawa mikono, maana faida yake ilishinda hatari. Kuwatenganisha, kama ilivyotendeka katika wodi kadhaa, kuliwanyima wote wawili dawa. Ebola ni kinyume: mama mgonjwa huacha kunyonyesha na hutengwa na mtoto, na maumivu yake ya nafsi hayasemeki. Huko Beni na Butembo, mashariki ya Kongo, katika mlipuko wa mwaka 2018 hadi 2020, palijengwa nyumba za kulelea watoto karibu na vituo vya matibabu, na waliowalea na kuwabeba vichanga hao ni watu waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga. Mama aliyelazwa aliweza kujua ni nani amemshika mwanawe. Hilo nalo ni arobaini, imefanywa na wageni, na nchi zetu zijifunze kwao kabla ya mlipuko ujao.

Usafiri wa usiku upangwe mimba ikiwa bado. Mwezi wa Aprili 2020 daktari Jemimah Kariuki wa Nairobi, alipoona kwamba kafyu inawazuia wajawazito kufika hospitali, aliandika ombi la msaada wa magari, na pakazaliwa huduma ya bure ya kuwachukua wazazi usiku. Kila mtaa unaweza kuwa na mfano mdogo wa huduma hiyo: dereva wa tuktuki au teksi aliyekubaliana na nyumba tano, namba yake imebandikwa ukutani, na mzee wa mtaa amekwisha kusema na kituo cha polisi. Gari hilo hilo ndilo litakalompeleka mzazi aliyeharibikiwa na akili saa nane ya usiku.

Matibabu ya sonona si siri wala si anasa. Daktari mwangalifu atapima kwanza damu, kwa kuwa upungufu wa damu na kasoro ya tezi ya shingoni, ambavyo hutokea sana baada ya uzazi, huiga sonona au huizidisha. Kwa sonona nyepesi na ya wastani, mazungumzo yaliyopangwa hutosha mara nyingi, na mazungumzo hayo hayangoji daktari bingwa. Karibu na Rawalpindi, nchini Pakistan, Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida, kumzuru mwenye sonona tangu mwezi wa mwisho wa mimba hadi mtoto ana miezi kumi, wakimsaidia kuyapima mawazo yake na kuishirikisha jamaa yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto alipofika miezi sita, katika kila wanawake 100 waliozuriwa kwa njia hiyo 23 walikuwa bado na sonona, na katika waliozuriwa kwa njia ya kawaida 53. Zimbabwe nako, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha mabibi kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Sisi tuna wakunga, makungwi na wahudumu wa afya wa jamii katika kila kata. Wanachokosa ni mafunzo ya majuma machache na mshahara wa haki.

Sonona ikiwa nzito, dawa za hospitali zitumike pasipo haya. Setralini, kwa mfano, hupita katika maziwa kwa kiasi kidogo sana, na mama anaweza kunyonyesha huku akiitumia kwa uangalizi wa daktari. Dawa hizi huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake, basi mgonjwa asikate tamaa siku ya tano, wala akipata nafuu asiziache ghafla kwa kusikia kwamba zinalevya. Na kama mzazi amesema anataka kufa, au anaona nyumba ingekuwa heri bila yeye, akae na mtu usiku na mchana mpaka aonwe na daktari, na vidonge, sumu ya panya, dawa za mimea na visu viondolewe karibu naye. Zamani jamaa wa Kenya walinyamaza kwa kuogopa polisi, kwani kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai; Mahakama Kuu ya Kenya iliamua mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Hofu hiyo isimfiche tena mgonjwa.

Limebaki jambo la wale waliojifungua katika miaka ile. Watoto wao wamekwisha kuingia shule, na baadhi ya mama zao hawajaonana na mtu wa kumweleza yaliyowapata, kwa sababu janga lilikwisha na watu wakataka kusahau. Sonona iliyoachwa bila ya matibabu huweza kukaa miaka, ikajificha katika ukali, katika kujitenga, au katika woga wa kushika mimba nyingine. Dada uliyejifungua mwaka 2020 au 2021 na ukajiona katika maneno haya, nenda leo kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, useme, "Tangu nilipojifungua siko sawa," nao wajibu wao ni kukusikiliza. Wakikupuuza, nenda kwingine. Na ikiwa una mimba sasa, mwambie mkunga katika hudhurio lako la kwanza kwamba uliugua hivyo uzazi uliopita, kwani aliyepatwa mara moja huwa karibu zaidi na kupatwa tena. Mwombe aandike jambo hilo katika kadi yako ya kliniki, na umtaje mtu ambaye ungependa aitwe siku za kwanza zikikuwia nzito.